Mama Geneviève na Kikombe cha Alhamisi

Jumatano tarehe 30 Juni 1971, saa sita mchana, Mama Geneviève Bahizire, mkunga wa dispanseri yetu ya Avenyu ya Kumi na Saba hapa Buyenzi, atavua koti lake jeupe na kulitundika kwenye msumari kwa mara ya mwisho. Ametumika miaka ishirini na moja na miezi tisa kasoro siku chache, tangu Jumatatu tarehe 3 Oktoba 1949. Direkta ameagiza wasifu huu uandikwe na mtu aliyekuwepo tangu mwanzo. Waliokuwepo tangu mwanzo ni wawili tu: yeye mwenyewe, na mimi Massoudi, mfunga vidonda. Yeye hawezi kujisifu. Basi nimebaki mimi, ambaye sikutaka.

Niseme mapema, na Karani Gélase anayepiga mashine asilifute hili: mimi nilianza kazi hapa siku nne kabla yake. Ilikuwa Alhamisi, tarehe 29 Septemba. Hakuna aliyewahi kunipigia makofi kwa siku hizo nne. Anastaafu yeye kwa sababu ana cheti cha ubatizo kutoka Bukavu kinachosema alizaliwa mwaka 1916. Kitabu changu mimi cha kitambulisho kinasema 1921, kwa kuwa siku kilipoandikwa karani wa Kibelgiji aliniangalia usoni akakisia, nami sikumbishia. Mama yangu angembishia. Kwa hiyo Mama Geneviève anakwenda nyumbani Musaga kukaa barazani na saa mpya ya ukutani, na mimi nabaki hapa na majipu ya watu. Mwenye kutafuta wivu wangu umeanzia wapi, aanzie hapo.

Alikuja Usumbura, kama mji ulivyoitwa wakati ule, pamoja na mumewe Bahizire, seremala mpole ambaye hadi leo hupigilia msumari kana kwamba anauomba radhi. Mama Geneviève alikuwa amesomea ukunga miaka mitatu kwa masista. Mimi nilisoma madarasa matatu, ukijumlisha na chuo cha Korani. Siku yake ya kwanza alinikuta nyuma ya chumba cha dawa navuta sigara, akasimama mbele yangu, mfupi, na mkoba wake mkononi. "Baba," akasema, "ile moshi ipeleke mbali na wamama wangu." Wamama wake! Alikuwa hajamaliza hata saa moja hapa ndani. Nikaipeleka mbali. Nimekuwa nikipeleka vitu mbali kwa amri ya mwanamke huyu kwa miaka ishirini na moja, na cheo chake na changu havikupishana sana kwenye karatasi.

Watoto aliowapokea siwezi kuwahesabu, na yeye mwenyewe hakupenda kuhesabu. Jaribuni hivi: simameni kwenye njia panda ya Avenyu ya Kumi na Saba saa watoto wanapotoka shule, muite "Geneviève!" kwa nguvu. Watageuka wasichana tisa, na wanne kati yao ni Waislamu. Kwa jina langu atageuka mbuzi wa jirani, ambaye aliitwa Massoudi kwa nia mbaya.

Lakini kupokea watoto ni kazi ya kila mkunga. Kilichomfanya Mama Geneviève kuwa yeye ni kwamba hakuridhika na tumbo linaloonekana. Alilitaka kabla. Wakunga wengine walifurahi mama akija na miezi mitano, yeye alinuna. Alikuwa akisema, "Mukija na tumbo mbele, kazi kubwa imeisha kufanyika na mi siko." Kwake yeye ile miezi ya mwanzo, ambayo mtu haoni kitu, na hata ile miezi kabla mimba haijashika, ndiyo ya kuangalia: mama anakula nini, anakunywa nini, anabeba nini kichwani, na yule bwana anapuliza nini ndani ya nyumba.

Na hapo ndipo alipogongana na sisi. Maana watu wa mji huu, awe Mswahili wa Buyenzi, awe Mrundi wa milimani, awe Mshi wa Bukavu kama yeye, hawatangazi mimba changa. Mwenye mimba ya miezi miwili hasemi kwa mama yake, hasemi kwa shoga yake, na kwa mumewe anasema akitaka. Macho ya watu yanaogopwa. Na mtu hawezi kulinda kitu kinachosemwa hakipo mpaka kiwe kikubwa.

Najua hivyo kwa sababu ya nyumba yangu. Mke wangu Adija aliniruhusu kuandika haya, akaongeza kwamba nikipunguza chochote atakuja mwenyewe sherehe ikiendelea na kukisema kwa mdomo.

Kati ya mwaka 1946 na 1951 Adija alipoteza mimba nne, zote changa. Kila mara nilijua baada ya kuisha. Alikuwa akibeba madebe ya mafuta ya mawese kutoka sokoni kama kawaida, maana kukataa kubeba ni kutangaza. Alikuwa akitafuna udongo mweupe mpaka meno yakawa kama yamepakwa chokaa. Alikuwa hali asubuhi. Na usiku mimi nilikuwa nalala na sigara kitandani, chumba hakina dirisha, moshi unakaa juu yetu kama chandarua. Aliamka akitapika nikamwambia ni homa. Mimi, mtu wa dispanseri!

Siku moja mwaka 1952 Mama Geneviève aliniita kwenye chumba chake. Nilifikiri ananipa kazi ya kuchemsha sindano. Akanitazama, kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba hadi leo. "Baba Massoudi, kuanzia kesho we ndiye unachota maji ya nyumba. Mwaka muzima. Sigara inabaki huku kazini. Samaki ndogo za ndagala na mboga ya lengalenga unaleta kila siku, na unakaa pale mpaka Adija amekula. Na usimuulize kitu."

"Ana mimba?"

"Nimesema usiulize."

"Lakini mi ndiye bwana yake!"

"Na mi ndiye nakwambia uchote maji."

Mjue ninyi vijana kwamba wakati ule hakuna mwanamume wa Buyenzi aliyeonekana na debe la maji. Nilikwenda bombani alfajiri, nikifikiri sitaonwa, nikawakuta wanawake kumi na tano kwenye mstari. Waligeuka wote. Kisha mmoja akasema, "Adija amekufa?" Nikasema hajafa. "Basi amekufukuza?" Nikajaza debe langu. Jioni kwenye mabenchi ya kahawa wanaume walinipokea kwa kusimama na kuniinamia, kila mmoja akiniita Bi Massoudi. Rafiki yangu Marcellin, dereva wa lori, alikuja mpaka kule kutoka kwao, na yeye hata kahawa hanywi, ili asikose.

Nilichota mwaka mzima. Na wivu ulinitafuna kila siku ya mwaka ule. Si maji yaliyoniuma. Adija alikuwa amemwambia yule mama wa Bukavu, aliyemfahamu miaka mitatu, kitu ambacho hakuniambia mimi niliyemtolea mahari. Nikimwambia mimi acha udongo, ananicheka. Akiambiwa na Geneviève, anautupa chooni. Nikimletea kitoweo mimi, kina chumvi nyingi. Geneviève akisema ni kizuri, sahani inalambwa. Nilikuwa nikikaa pale nikimwangalia akila, kama nilivyoamriwa, huku nikijiuliza nani hasa mwenye nyumba.

Binti yetu Mwanasiti alizaliwa Februari 1953. Alilia kabla hajatoka vizuri. Mama Geneviève alimfunga kwenye kanga, akanipa, akasema, "Haya, sasa unaweza kuuliza."

Sikumwita Geneviève. Kila mtu alitazamia nimwite Geneviève, na kwa sababu hiyo hiyo nikampa jina la mama yangu. Na nikafanya jingine baya zaidi, ambalo linafaa liingie kwenye karatasi hii leo, maana baada ya Jumatano nitakosa pa kuliweka. Pale kwenye mabenchi ya kahawa walipouliza vipi baada ya nne zile hii imekaa, sikusema maji, sikusema ndagala, sikusema Geneviève. Nilisema nina mzizi. Nilisema nilipewa na mzee mmoja wa Uvira, siri ya ukoo. Watu wakaja nyumbani mmoja mmoja kuuomba mzizi ule, nami nikawapa, nimeufunga kwenye kitambaa chekundu, nimeupa jina zuri, na kuwaambia waunywe asubuhi. Ulikuwa tangawizi. Miaka kumi na minane nimekuwa mganga wa tangawizi katika mtaa ule ule ambao Mama Geneviève anafanya kazi, na yeye alijua, na hakunisema. Mara moja tu alipita karibu yangu akiwa na bakuli la pamba akanong'ona, "Leo mzizi uko na harufu ya chai." Akaendelea na safari yake.

Basi turudi kwenye kazi yake, maana Direkta alisema wasifu uwe wa mstaafu.

Mwaka 1963, bendera yetu ikiwa na umri wa mwaka mmoja, tuliletewa barua kutoka kwa wakubwa wa afya huko Rohero kwamba kila dispanseri ianzishe mafundisho ya kinga. Wengine walibandika picha ya mbu ukutani wakamaliza. Mama Geneviève alimwambia Bahizire atengeneze benchi. Benchi refu la mvule, zuri, limepigwa randa mpaka unaweza kujitazama. Akaliweka mbele ya chumba chake na kutangaza: kila Alhamisi, wamama wenye mimba ya miezi mitatu kushuka chini, na wale wanaotafuta, wakae kwenye benchi lile, watafundishwa na kupewa vidonge vya damu.

Alikuwa amesahau tulivyo, au aliona uhuru umetubadilisha. Alhamisi ya kwanza benchi lilikuwa tupu. Ya pili tupu. Wanawake walikuwa wakifika kwa kikohozi cha mtoto, wakiliona wanapita ukutani upande wa pili, wameshikilia kanga zao, kana kwamba benchi linaweza kuwavuta. Nani akae pale mtaa mzima umwone? Wiki saba! Mtu pekee aliyelitumia ni mimi, kwa chakula changu cha mchana, na kila Alhamisi nilikaa katikati yake nikila mhogo taratibu ili Mama Geneviève anione. Wanawake wakicheka. "Baba Massoudi, ya miezi mingapi?" Nikiwajibu, "Siwezi kusema, macho ya watu." Sijapata furaha kama ile hapa kazini. Mungu anisamehe, nilifurahi sana kuona ameshindwa.

Alhamisi ya nane alinikuta nimekaa, naye akakaa. Hakukasirika. Alitazama mstari wa wanawake wenye vikohozi, akaniuliza, "Wakati we ulichota maji, watu walisema Adija ana nini?"

Nikasema, "Walisema amenifukuza."

"Hakuna aliyesema mimba?"

"Apana. Walicheka mimi tu."

Alingoja mhogo wangu uishe. Kisha akaniambia nimsaidie kulibeba benchi, tukalipeleka uani, na huko liko hadi leo, tunaanikia mashuka.

Wiki iliyofuata hakuita wenye mimba. Aliita wote. Kila mwanamke, aliyeolewa na ambaye bado, msichana wa miaka kumi na saba na bibi mwenye wajukuu, kila Alhamisi aje achukue kikombe kimoja cha bati cha unga wa ndagala, na karatasi yenye vidonge saba vya damu. Hakuna kuuliza, hakuna kusema. Ndagala zile alizipata kwa wauzaji wa samaki wakavu: vipande vilivyovunjika, vinavyobaki chini ya gunia, ambavyo hakuna anayenunua. Wa kuvitwanga alikuwa nani? Jibu mnalo. Nimetwanga ndagala kwenye kinu, mwanamume mzima na ndevu zangu, tangu mwaka 1963, na mkono uliojaza kila kikombe ni wangu huu. Wakipokea walisema, "Asante Mama Geneviève." Yeye akiwa ameketi hatua sita mbali!

Wakiwa kwenye mstari, yeye alipanda juu ya sanduku la dawa na kusema yale yale kila wiki, bila karatasi. Waache tumbaku ya kuvuta na ya kunusa. Waache urwarwa, pombe yetu ya ndizi, na pombe ya chupa, "maana mutoto hana mudomo wa kusema imetosha." Waache udongo. Wale asubuhi, hata kama ni kiporo cha maharage. Walale mchana kidogo jua likiwa kali. Wasinunue vidonge vya watembezaji wa sokoni. Mwenye homa aje siku hiyo hiyo, asisubiri. "Muishi kama iko tayari," alikuwa akimalizia. "Kama haiko, hamujapoteza kitu. Kama iko, imekuta nyumba imefagiliwa."

Wakaja. Siku ya kwanza ishirini, baada ya mwezi mstari ulifika barabarani. Wote wanachukua, kwa hiyo hakuna anayejulikana. Bi Mwantum, ambaye wakati ule alikwisha kupita miaka sitini na ana kitukuu, hakukosa hata Alhamisi moja. Wanawake wakamtania, "Bi Mwantum, nawe?" Akawajibu akiwa ameshika kikombe chake kwa mikono miwili, "Mi sijui. Mungu akipenda." Kwa mzaha ule wasichana waoga kabisa walipita nyuma yake bila mtu kuwatazama. Baadaye nilijua kwamba Mama Geneviève ndiye aliyekwenda nyumbani kwake kumwomba asimame mbele.

Kisha akaja kwetu wanaume. Mwaka 1965 aliita waume wote, Jumapili baada ya misa, na Waislamu nao waje, hakuna anayefungwa na misa. Akasema kila nyumba, kuanzia kesho, mwanamume achote maji na kubeba mizigo ya soko. Kila nyumba, hata ya mwenye mke wa miaka hamsini, ili isijulikane ni kwa nani kuna sababu. Na sigara nje ya nyumba, na pombe anywe mwanamume huko huko alikoikuta, asiilete ndani kumpa mkewe kionjo. Wanaume wakaguna. Hapo akageuka, akaninyooshea kidole mbele ya watu wote. "Huyu alichota mwaka muzima, 1952. Mumuulize kama alikufa."

Miaka kumi na tatu walikuwa wameninyima heshima yangu, na siku ile walinitazama kama mtu aliyerudi kutoka vitani. Kwa dakika moja nilimpenda Mama Geneviève kama dada yangu. Kisha Marcellin, yule dereva wa lori, akapaza sauti, "Alichota kwa nini, wakati alikuwa na mzizi?" 

Marcellin mwenyewe alichota. Mkewe Béatrice alikuwa na sauti ya kupasua mbao na kiu ya urwarwa inayolingana nayo. Waliacha wote wawili, yeye kwa kumwogopa Mama Geneviève na bwana kwa kumwogopa Béatrice. Nilikaa bombani alfajiri nikamngoja Marcellin. Alipotokea na debe, nikasimama, nikainama, nikamwita Bi Marcellin. Nilikuwa nimeitunza salamu ile miaka kumi na tatu, haikuharibika hata kidogo.

Mwaka 1967 mabwana wa Rohero walikuja na gari mbili kumpongeza. Walimpa baiskeli mpya, ya kike, yenye taa, ambayo ndiyo aliyokuja nayo kila siku kutoka Musaga. Walipiga picha. Picha hiyo imetundikwa kwenye korido, nanyi wote mnaijua: Mama Geneviève katikati, Direkta kulia, pipa la ndagala mbele, na kando kabisa, palipoishia kioo, kiwiko. Kiwiko kile ni cha kwangu. Nimepita mbele yake miaka minne nikiwaonyesha wagonjwa. Wengine wamekubali. Karani Gélase anasema kinaweza kuwa cha mtu yeyote.

Sasa nafika kwenye linaloniuma kweli, na hapa sina mzaha mwingi.

Mwanasiti wangu, yule wa mwaka wa maji, aliolewa Januari mwaka jana na Rachidi, fundi wa magari, kijana mzuri ambaye mikono yake haitakati. Oktoba alipoteza mimba. Ilikuwa ya miezi miwili na nusu, na nilijua, kama nilivyozoea, baada ya kuisha. Yeye ameniruhusu kuandika la mwaka jana. La mwaka huu sikumuuliza, na hilo ndilo lenyewe.

Tangu Machi anakuja kila Alhamisi. Anasimama kwenye mstari na wote, ananisalimia shikamoo baba, ananipa kikombe, namjazia. Hilo halisemi kitu, maana hata Bi Mwantum bado anakuja. Namtazama usoni: hakuna kitu. Nimekwenda nyumbani kwao asubuhi bila kutoa habari, nikamkuta Rachidi na debe begani. Halisemi kitu; mtaa wote wanaume wana madebe. Nimemwomba Adija. Adija ameniambia amesahau kusikia. Nimeona anakula ndagala: wote wanakula ndagala. Halafu nikakumbuka nani amelifunga fundo hili. Mimi nimetwanga, mimi nimejaza, mimi nilikuwa wa kwanza bombani. Nimesaidia kujenga ukuta huu miaka minane, na nimejikuta nimesimama upande wa nje.

Mtu mmoja anajua. Alhamisi iliyopita, ya mwisho kwake, tulipokuwa tunafunika pipa, nilimshika. Nikamwambia, "Mama Geneviève, unaenda zako. Niambie tu. Ya Oktoba ilinivunja. Iko, au haiko?"

Akaniangalia kama mwaka ule. "Baba Mwanasiti, we ulijaza kikombe chake?"

"Nilijaza."

"Mpaka juu?"

"Mpaka juu. Na nikakigonga unga ushuke, nikaongeza."

"Basi." Akafuta mikono. Alipofika mlangoni akageuka. "Akija kwako Ijumaa kula, ile sigara isiwe ndani ya nyumba. Hata harufu yake."

Nikaona nimepata jibu. Nilitoka mbio, kwa umri wangu, moja kwa moja kwa Marcellin, ambaye naye ana binti aliyeolewa. Nikamuuliza kama Mama Geneviève amemwambia jambo lolote kuhusu sigara. Akasema ndiyo, juzi, maneno hayo hayo. Nikaenda kwa Karani Gélase. Naye ameambiwa, na Gélase hana binti. Amewaambia wote! Mwanamke huyu, hata siku ya mwisho, hakuacha tundu la kuchungulia.

Kwa hiyo sijui kitu. Naandika hivi ili isije ikasemwa nimetangaza: sijui kitu chochote.

Lakini jioni ile nilikwenda nyuma ya choo cha dispanseri, kwenye tofali la tatu kutoka chini. Mwaka 1952 niliambiwa sigara ibaki kazini, na ilibaki: miaka kumi na tisa imekaa pale kwenye kopo la maziwa, na nimemwambia Adija nimeacha, na nimenuka, na Adija alikuwa na adabu ya kutosema. Tangu Mwanasiti aolewe ilianza kunifuata mpaka barazani kwangu, pale pale anapokaa akija kula. Nimelitoa kopo. Mkiwa mnasoma mahali hapa, geuzeni macho kwenye meza ya mbele. Saa ya ukutani ni zawadi ya dispanseri, tumechanga wote. Kopo lililo kando yake, lenye kitambaa chekundu, ni zawadi yangu peke yangu. Lina tumbaku yote niliyokuwa nayo, na juu yake kipande cha tangawizi, ili aondoke na uongo wangu wote kwa pamoja.

Nafasi yake inachukuliwa na Bi Daphrose, ambaye Mama Geneviève amemfundisha mwaka mzima. Nimemjaribu. Nimemuuliza habari za Alhamisi kwa ujanja mkubwa, naye akanijibu, "Mzee Massoudi, pipa limejaa?" Basi siri imekwisha kurithiwa.

Mama Geneviève, dispanseri inakushukuru: kwa wamama uliowapata kabla hawajajulikana, kwa wasichana tisa wa njia panda, kwa benchi tunaloanikia mashuka. Bahizire akupigilie saa yako taratibu. Baiskeli uiendeshe sasa kwenda kutembea tu, na miguu ipumzike ukitaka. Mungu akupe asubuhi ndefu huko Musaga, na mtu mwingine akuchotee maji. Mimi nilikuonea wivu miaka ishirini na moja, na siahidi kuacha, maana kuacha mawili kwa wiki moja ni kazi kubwa kwa mzee.

Sherehe hii ni Jumatano. Kesho yake tunaadhimisha uhuru, dispanseri imefungwa, lakini ni Alhamisi, na pipa nitalifungua. Nitasimama pale nilipo siku zote. Binti yangu akifika nitamjazia, nikigonge kikombe unga ushuke, niongeze, na sitauliza.